Cheti cha baraza na risiti zinazofifia: yanayoangusha mashauri ya talaka

Anayekuja kutafuta msaada wa kisheria kuhusu talaka huanza na kisa kizima cha ndoa: alivyopigwa, alivyofungiwa mlango usiku, alivyogundua kuna nyumba ya pili mtaa wa pili. Tunamsikiliza mpaka mwisho, maana hayo ndiyo yaliyomleta. Akimaliza, swali letu la kwanza huwa moja: "Mmeshakwenda baraza la usuluhishi? Cheti kiko wapi?" Hapo wengi hunyamaza.

Ukikaa na mashauri haya muda mrefu unaona kwamba kuvunja ndoa iliyokwisha kufa si kazi ngumu mbele ya hakimu. Watu huangushwa na karatasi waliyoikosa kabla ya kufungua shauri, na ushahidi wa mali ambao hakuna aliyeutunza siku mapenzi yalipokuwa bado moto. Tunayoyaandika hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar ina utaratibu wake na Mahakama zake za Kadhi.

Kwanza baraza. Kifungu cha 101 kinazuia mtu kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Lenye mamlaka ni la kata anayoishi mume; kama mume haishi Tanzania, la kata anayoishi mke. Wanandoa wa jumuiya moja yenye baraza lililoteuliwa rasmi, kama yalivyo mabaraza ya taasisi za dini, wanaweza kwenda huko. Neno la kushika hapo ni "lililoteuliwa". Kikao cha wazee wa ukoo, hata kama kilikaa siku tatu na kuchinja mbuzi, si baraza. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa si cheti. Barua ya mchungaji au ya shehe peke yake si cheti, kama baraza analotokea halikuteuliwa.

Cheti hutolewa kwenye fomu maalumu, Fomu Namba 3, na ukikipokea kisome hapohapo mezani kabla hujaondoka. Tazama majina yenu yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa. Tazama tarehe, sahihi ya mwenyekiti na mhuri. Kisha soma ile sentensi ya katikati, yenye matokeo ya baraza. Inatakiwa iseme kwamba baraza limesikiliza pande zote mbili na limeshindwa kuwasuluhisha. Tumeona vyeti vilivyoandikwa "Baraza limeivunja ndoa hii", na vingine vikienda mbali zaidi: mke achukue kitanda na kabati, mume abaki na nyumba. Baraza halina uwezo wa kuvunja ndoa wala kugawa hata sufuria. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa, kusema limeshindwa. Cheti cha namna hiyo kinampa wakili wa upande wa pili silaha ya bure. Shauri lililofunguliwa bila cheti halali limefunguliwa kabla ya wakati wake, na likifika kwenye rufaa mwenendo wote unaweza kufutwa. Miaka mitatu ya nauli na ushahidi inarudi sifuri kwa ajili ya sentensi moja. Ukiona kosa, omba kwa heshima cheti kiandikwe upya siku hiyohiyo.

Kitu kingine kinachosahaulika ni umri wa cheti. Kifungu cha 106 kinataka ombi la talaka liambatane na cheti kilichotolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua. Mtu anapata cheti Januari, anasubiri watoto wafunge shule, anasubiri avune, anakuja Septemba. Kimeshapitwa. Anarudi barazani kuanza upya, na safari hii mwenzake amejua anakoelekea na ameanza kuhamisha mali.

Kuna hali ambazo sheria inaruhusu kuruka baraza: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi sita, ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika, amefungwa maisha au kifungo cha miaka mitano au zaidi, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kuwa kuna mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Kinachotumika zaidi ni hicho cha kukataa wito. Ukikitegemea, hakikisha una nakala za wito zenye tarehe, na mahali alipotia sahihi kupokea au maelezo ya aliyempelekea kwamba alikataa kusaini. Kusema tu "aliitwa hakuja" hakutoshi.

Kuna zuio jingine ambalo vijana hawalijui: ndoa isiyotimiza miaka miwili haiwezi kuombewa talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hicho hutolewa kwa anayeonyesha kuwa anapitia mateso yasiyo ya kawaida. Hii ni tofauti na kutengana kwa amri ya mahakama, ambako wanandoa huishi mbalimbali bila ndoa kuvunjwa.

Na tuseme wazi kuhusu talaka ya mdomo au ya kikaratasi, na kuhusu mahari iliyorudishwa. Kidini au kimila vinaweza kuwa vimemaliza jambo. Mbele ya sheria ya nchi, ndoa inaendelea mpaka mahakama itoe tuzo ya talaka, yaani amri rasmi ya kuivunja ndoa. Kwa Waislamu kifungu cha 107 kinarahisisha njia: baraza likithibitisha kushindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama itatamka kuwa ndoa imevunjika na kutoa talaka. Tazama mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye. Wengi wameufanya kinyume, wakafika mahakamani na karatasi ya talaka ya miaka minne iliyopita na hakuna baraza lolote.

Mahakama inatafuta jambo moja tu: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Uzinzi, ukatili wa mwili au wa maneno, kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa hiari miaka isiyopungua mitatu, kupuuza wajibu wa ndoa, yote hayo ni ushahidi wa kuvunjika huko. Aliyepigwa aende na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, cheti cha hospitali na namba ya jalada la Dawati la Jinsia na Watoto. Ni vyema kupeleka matukio mawili matatu yenye tarehe na mashahidi, kuliko kueleza miaka kumi kwa pumzi moja. Hakimu anaandika kwa mkono au kwa kompyuta, na anachoandika ni kile chenye siku, mahali na mtu aliyeona.

Shauri laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Zote zina mamlaka. Kwa mtu asiye na wakili, Mahakama ya Mwanzo ina karani anayezoea kupokea maelezo ya wananchi na iko karibu na mashahidi. Walioko Dar es Salaam wana pia kile kituo jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mashauri ya familia, ndoa na mirathi pamoja.

Sasa mali, na hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoonewa, na mara nyingi wanaonewa na ukimya wao wenyewe.

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Inapofanya hivyo inaangalia mila za jamii ya wahusika, kiwango cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, sheria inaielekeza mahakama ielemee kwenye usawa. Maneno haya ya mwisho yameponza wengi. Wanadhani nusu kwa nusu inakuja yenyewe. Haiji yenyewe: hutanguliwa na mchango, na mchango huthibitishwa.

Wanawake wengi bado wanaambiwa kwamba kama hukutoa pesa huna chako. Hilo lilikwisha mwaka 1983, pale Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu iliposema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika mali iliyopatikana. Wachache wanakumbuka sehemu ya pili ya hukumu hiyo: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa maendeleo ya familia zilitapanywa. Msimamo ulishinda, mwenye shauri akashindwa. Ndiyo maana hatumwambii mtu "sheria iko upande wako" tukaishia hapo.

Mchango unaelezwaje? Tuseme mtu anadai nyumba. Maelezo dhaifu ni haya: "Tulijenga nyumba pamoja, naomba nusu." Maelezo yenye nguvu ni haya: "Mwaka 2014 tulinunua kiwanja cha mita 20 kwa 25 kwa shilingi milioni 3. Milioni 1.2 ilitoka kwenye mkopo wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na daftari la kikundi hili hapa. Hati ya mauziano ina jina la mume wangu, lakini shahidi wa tatu aliyesaini ni mimi. Msingi ulijengwa 2015. Nilikuwa nachota maji na kupikia mafundi, na fundi mkuu yupo tayari kuja kusema. Bati zilinunuliwa 2017, mimi nikiwa nimebaki na watoto na yeye akifanya kazi mkoa mwingine, akituma fedha kwa simu nami nikinunua." Katika maelezo hayo hakuna nusu wala robo iliyotajwa, lakini hakimu ana mahali pa kushika. Sahihi ya shahidi kwenye hati ya mauziano, ambayo watu huiona kitu kidogo, imesaidia sana wanawake wasio na jina popote.

Risiti za EFD, zile mashine za kielektroniki za madukani, zinafifia. Karatasi yake huchapwa kwa joto, na ikikaa juu ya bati au ndani ya mfuko wa nailoni miaka mitano inabaki nyeupe kabisa. Anayejenga leo atoe nakala ya kila risiti siku hiyohiyo, aandike nyuma kwa kalamu ilikuwa ya saruji mifuko mingapi na ya hatua gani ya ujenzi. Taarifa za miamala ya simu na benki ziombwe mapema kutoka kwa mtoa huduma, zikiwa na mhuri wake. Picha za ujenzi zenye tarehe, hasa zile zinazokuonyesha ukiwa pale, zitunzwe mahali pengine zaidi ya simu, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuvunjwa kwenye ugomvi.

Mali ambayo mtu aliipata kabla ya ndoa, au aliyorithi, au aliyopewa zawadi, hubaki yake. Lakini kifungu hichohicho kinasema mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili, wakati wa ndoa, inaingia kwenye mgawanyo. Kibanda cha vyumba viwili cha udongo kilichokuja kuwa nyumba ya tofali yenye vyumba sita si kibanda tena. Eleza kilikuwaje siku unaolewa, kikawaje siku unaondoka.

Gumu kuliko yote ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha wazazi. Ardhi ni ya baba mkwe, nyumba mmejenga ninyi, na siku ya shauri baba mkwe anasimama kusema kila kitu ni chake. Mahakama haiwezi kugawa mali ya mtu ambaye si mwanandoa. Hapo ushahidi wa nani alinunua vifaa na nani aliishi humo ndio utaamua kama kuna kitu cha kugawana, na mara nyingi kinachopatikana ni thamani ya mliyoyaongeza, siyo nyumba yenyewe. Vivyo hivyo kwa gari lililoandikishwa kwa jina la kaka, au shamba lililoandikwa kwa jina la mtoto. Anayepanga kujenga kwa wakwe aandikiane nao kwanza, hata kama ataonekana hana adabu.

Mali zitajwe moja moja: mahali ilipo, namba ya kiwanja au mipaka kama haijapimwa, ukubwa, mwaka iliyopatikana, iko kwa jina la nani, nani anaitumia sasa. Ombi linalosema "nyumba, mashamba na mali nyingine zote" halimpi hakimu cha kugawa. Na usiishie kwenye kuomba asilimia. Omba mahakama ielekeze itakavyotekelezwa: mthamini athaminishe, upande mmoja uwe na haki ya kumlipa mwenzake sehemu yake ndani ya muda fulani, ikishindikana mali iuzwe na fedha zigawanywe. Hukumu ya "mke apate asilimia 40 ya nyumba" bila maelekezo hayo hulazimisha raundi nyingine nzima ya kukaza hukumu, yaani kuomba itekelezwe, huku aliyebaki ndani akiendelea kukusanya kodi za wapangaji.

Kama unahofia nyumba itauzwa kabla shauri halijaisha, usisubiri. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake anaweza kulinda masilahi yake kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati kama nyumba imesajiliwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka ridhaa ya mwenza kwenye rehani ya nyumba ya ndoa. Kwa nyumba isiyo na hati, omba zuio la muda mahakamani, kisha peleka nakala ya amri hiyo ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mtendaji wa kata, kwa kuwa mauziano ya viwanja visivyopimwa hupitia mikononi mwao.

Walioishi pamoja bila kufunga ndoa nao wana mlango. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi kwa namna ambayo jamii inawaona mke na mume, itachukuliwa kuwa walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa mfano ikionyeshwa kuwa mmoja tayari ana ndoa ya mke mmoja inayoendelea. Hata ikipingwa, mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na za watoto. Majirani, mjumbe, kadi ya kliniki yenye majina yenu wote na mkataba wa pango vinafaa sana hapa.

Kuhusu watoto, tunaomba wazazi wasiwafanye kuwa mizigo ya kugombania. Mahakama inaangalia kwanza ustawi wa mtoto, ndipo matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila. Mtoto wa chini ya miaka saba anachukuliwa kuwa ni vyema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, na sheria inaonya pia dhidi ya kumhamishahamisha mtoto. Hoja ya "watoto ni wa ukoo wa baba" inasikilizwa kama mila, haipiti juu ya ustawi. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa kuandika ripoti: atakwenda nyumbani, atauliza mtoto analala wapi, nani anampeleka shule, nani anasaini ripoti ya shule. Basi jibu maswali hayo kabla hujaulizwa.

Matunzo ni wajibu wa baba hata kama watoto hawako kwake, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabebesha wazazi wote wawili jukumu la kumlea mtoto. Mahakama hupima kipato cha kila mzazi, majukumu yake mengine na gharama za maisha za eneo. Andika orodha ya mwezi mmoja: chakula, kodi, sare, nauli ya shule, michango ya shule, bima au dawa, kila kimoja na kiasi chake na risiti inapowezekana. Kiasi cha kuruka, laki tano bila maelezo, hukatwa. Kiasi kilichojengwa mstari kwa mstari hupungua kidogo tu. Na kwenye haki ya kumwona mtoto, omba siku zitajwe: wikendi zipi, nusu ipi ya likizo, nani anamchukua na nani analipa nauli. Amri inayosema "baba aruhusiwe kuwaona watoto" ndiyo inayozaa ugomvi wa kila Jumamosi getini.

Msaada wa bure upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko kwenye jamii. Wanakuelekeza, wanakusaidia kuandika, hawatakiwi kukutoza na hawasimami mahakamani kama mawakili. Ukihitaji wakili, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika wanapokea wasio na uwezo. Uende na cheti cha ndoa, cheti cha baraza, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za mali, kila kimoja na nakala mbili. Nakala halisi usimwachie mtu yeyote bila kusainiana.

Hukumu ikitoka, omba siku hiyohiyo nakala ya hukumu na ya tuzo kwa barua, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45, na hufunguliwa kupitia mahakama iliyotoa uamuzi, siyo kwa kukimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja. Ucheleweshaji wa nakala ukitokea, barua ile yenye mhuri ndiyo itakayokutetea. Hakuna wa kufunga ndoa nyingine kabla muda huo haujapita au rufaa haijaamuliwa. Baada ya hapo fuatilia tuzo ya talaka isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, maana siku utakapotaka kuolewa au kuoa tena, msajili ataomba hiyo karatasi kabla hajafungua kitabu.